Nyuzi za Gitaa Kubwa la Baba Wakesho

Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Voi kuniuliza ni nyuzi gani zinafaa gitaa kubwa, mnataka jibu fupi mwende zenu. Jibu fupi sina. Nimetengeneza magitaa zaidi ya miaka ishirini, karibu na stesheni, na hata leo nikifungua pakiti ya nyuzi mkono wangu unasita. Shule nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika, sahihisheni kimoyomoyo muendelee. Kitu nilichokuwa nacho ni daftari. Kila gitaa lililoingia karakana nililiandika: la nani, linaumwa wapi, nimeliwekea nyuzi gani, na kama lilirudi. Mengi yalirudi.

Gitaa kubwa, lile mnaloliita jumbo, lina tumbo kama la ng'ombe aliyeshiba. Ukiliwekea nyuzi nyembamba linazimeza, sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukiliwekea nyuzi nene linanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Basi mtu anasema, si ni rahisi, weka nene. Lakini nyuzi nene zinavuta. Zinavuta mchana na usiku, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani na hakuna anayeligusa. Na kinachovutwa ni daraja, kile kipande cha mbao kilichobandikwa tumboni kushika nyuzi. Daraja limeshikwa na gundi tu. Na gundi kwa joto la Voi mnaijua wenyewe.

Haya nilifundishwa na Mzee Athumani, mwenye karakana. Alikuwa mtu wa Taveta aliyelelewa Mombasa, na kabla ya magitaa alikuwa akitengeneza maudi, zile ala za nyuzi za watu wa taarabu. Yeye hakuamini pakiti. Alikuwa anaweka kiganja tumboni mwa gitaa na kulibonyeza taratibu, kama daktari na mtoto, halafu anamuuliza mwenye gitaa maswali: unakaa wapi, unapiga kwa kucha au kwa nyama ya kidole, gitaa unalilaza wapi mchana. Mimi nilikuwa naona anapoteza wakati.

Mara ya kwanza aliponiacha nichague peke yangu, alikuja gadi mmoja wa treni na jumbo safi kabisa. Akataka lisikike kutoka behewa moja mpaka lingine. Nikamwekea nene zote sita. Wiki tatu baadaye akalirudisha limevimba nyuma ya daraja kama mandazi. Nikamwambia ni jua la Tsavo. Mzee Athumani alikuwa anakunywa chai nyuma yangu. Hakuinua kichwa.

"Jua halina mikono ya kuvuta, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyevuta."

Yule gadi alicheka. Mimi sikucheka siku hiyo.

Lazima niseme pia kwamba si kila asiyefuata kanuni aliharibikiwa. Kulikuwa na kijana wa Kasigau ambaye alikuwa anachambua waya ya breki ya baiskeli na kutumia zile nyuzi zake ndogo ndogo kwa gitaa. Zilikula vyuma vya shingo, vile vyembamba vinavyopangwa chini ya nyuzi, kama panya, vidole vyake vilikuwa na magamba. Lakini gitaa lile lililia vizuri. Nimeandika hivyo kwa daftari, na jambo hilo sitalifuta kwa sababu tu halinifurahishi.

Jambo lingine la kujua ni jinsi tulivyokuwa tunapandisha sauti. Hatukuwa na kifaa. Nje ya karakana kulikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwa mwarobaini, na ukikigonga kwa nyundo kilikuwa kinatoa sauti moja ndefu. Mzee Athumani aliichagua ile sauti iwe ya uzi wa tano, na kila gitaa lililotoka kwetu lilifuata reli ile. Ukisikia magitaa mawili ya Voi yanapigwa pamoja bila kugombana, ujue yote mawili yamepita chini ya ule mwarobaini. Tulijivunia jambo hilo. Ndilo lililokaribia kuniaibisha.

Sasa nifike kwa Baba Wakesho.

Alikuwa mtu wa Mwatate, mrefu, mkimya, na kabla ya mimi kumjua alikuwa mpigaji ambaye watu wa milimani walikuwa wanashuka kumsikiliza. Halafu akafanya kazi ya mashine ya kuchuna mkonge, na siku moja mkono wake wa kushoto ukaingia mahali ambapo haukutakiwa. Mwenyewe alisema aliteleza, hakumlaumu mtu, nami siongezi. Vikaenda vidole viwili, kile kidogo na kile cha pete. Alipopona wakamhamisha kwa mizani, awe karani wa kuandika uzito. Tangu siku hiyo alitembea na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa anasema, "Nilitoa vidole viwili nikapewa penseli moja. Hesabu hiyo sikuifanya mimi." Na hapo watu walikuwa hawajui kama wacheke.

Gitaa hakuliacha. Alijifunza upya kwa vidole viwili na dole gumba la kupitisha juu ya shingo. Ila alikuwa na kiburi kimoja. Zamani hizo wapigaji wengi walikuwa wanafunga penseli shingoni mwa gitaa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ibane nyuzi zote kwa pamoja. Sauti inapanda bila kuvuta uzi, na vidole vinapata nafuu. Baba Wakesho alikuwa anawacheka. "Hilo ni gongo la kutembelea," alikuwa anasema. "Mtu mwenye miguu anatembea." Baada ya ajali ndipo alipozidi. Usingemwambia habari ya penseli shingoni, angekuondokea.

Alikuja Alhamisi. Daftari linasema Alhamisi, ingawa mimi nakumbuka kama Jumatano, basi naliamini daftari. Mzee Athumani alikuwa amekwenda Taveta kwenye msiba na nilikuwa peke yangu. Baba Wakesho akaweka jumbo lake juu ya meza, nyuzi zimeota kutu, mbili hazipo.

"Fundi, Jumamosi Wakesho anaolewa," alisema.

"Hongera, Baba Wakesho. Utamshika mkono umwingize kanisani."

"Simshiki mkono. Atashikwa na ndugu yangu mdogo. Mimi nitamwingiza na hili."

Sikuelewa, akanieleza. Binti alikuwa amemwomba: tangu udogoni alikuwa analala kwa wimbo mmoja ambao baba yake alitunga mwenyewe, hauna maneno. Alitaka aingie kanisani kwa wimbo huo. Baba angepiga peke yake mpaka bibi arusi afike katikati, halafu kinanda na kwaya wangeupokea. Kwa sababu hiyo amemwachia ndugu yake nafasi ya kumshika mkono binti yake wa pekee. Na yule ndugu, ambaye ni mtu wa maneno, ameshatangaza Mwatate nzima kwamba gitaa lile siku hizi linafaa kuwekea maharagwe.

"Likininyamazia," alisema Baba Wakesho, "nitakuwa sikumshika mkono na wala sikumpigia. Umeelewa?"

Nilielewa. Nikaweka kiganja tumboni mwa gitaa kama nilivyofundishwa. Nyuma ya daraja kulikuwa na mwanya. Nilichana ukanda wa karatasi kwa daftari langu nikausukuma pale. Ukaingia upana wa ukucha. Dawa yake ni kulitoa daraja lote, kulisafisha, kupaka gundi moto na kulibana siku mbili nzima bila kuligusa. Siku mbili hatukuwa nazo.

Nilimwambia. Lazima niandike kwamba nilimwambia, na lazima niandike kwamba sikumwambia kwa sauti ya kutosha. Nilisema, "Daraja limechoka kidogo." Kidogo! Niliona jinsi alivyolishika gitaa na neno kubwa likanishinda.

"Weka nene," alisema. "Kanisa ni kubwa na watu watakuwa wengi."

"Nene hutaweza kuzibonyeza kwa vidole viwili, mzee."

Akaniangalia. Niliogopa kwamba nimemtukana. Kisha akasema polepole, "Hilo ni kweli. Nyembamba basi."

"Nyembamba hazitasikika zaidi ya benchi la tatu."

"Sasa wewe fundi unataka nini? Nipige mluzi?"

Nikafikiria mpaka chai yangu ikapoa. Duka la Voi lilikuwa na pakiti za aina mbili, nene na nyembamba, basi. Nikafungua zote mbili. Zile tatu za juu, za besi, ambazo dole gumba ndilo linazigusa na ambazo ndizo zinatikisa tumbo la jumbo, nikachukua kwa pakiti nene. Zile tatu za chini, ambazo vidole vyake viwili vingezibonyeza, nikachukua kwa pakiti nyembamba. Kwa njia hiyo gitaa litanguruma na mkono wake utapumzika, na daraja halitavutwa kama na nene zote sita. Hilo ndilo jibu ambalo mpaka leo nawapa wengi wenu, nalo si baya. Ila siku hiyo kulikuwa na swali moja ambalo sikuliuliza.

Nikapandisha uzi wa tano polepole, nikatoka nikagonga reli, nikafuatisha nyingine. Karatasi ikabaki pale pale, upana wa ukucha. Baba Wakesho akapiga sentensi moja ya ule wimbo. Mwanamke aliyekuwa anauza machungwa ng'ambo akageuka. Mimi na mzee tukatazamana, na kwa mara ya kwanza mzee akatabasamu.

"Njoo na wewe Jumamosi," alisema. "Fundi akae karibu na mgonjwa wake."

Jumamosi asubuhi nikaenda Mwatate kwa lori la mkonge, mfukoni nina nyuzi za akiba, kipande cha mpira wa tyubu wa kufungia mzigo, na ule ukanda wa karatasi. Tuliingia kanisani mapema. Kwenye kinanda, kile cha kukanyaga kwa miguu, alikuwa ameketi mwalimu wa kwaya, Mwalimu Damaris, mwanamke mnene mwenye miwani, mpole sana.

"Baba Wakesho, tujaribu pale tunapokupokea," alisema.

Akapiga. Baba Wakesho akapiga. Sijui niiandike vipi sauti ile. Ilikuwa kama milango miwili inayosuguana. Sauti ya kinanda ilikuwa juu kuliko ya gitaa, si sana, hatua ndogo moja tu, chuma kimoja cha shingo. Lakini kwenye muziki hatua ndogo ni mbaya kuliko kubwa.

"Gitaa liko chini," alisema Mwalimu Damaris.

"Liko sawasawa," nilisema mimi. "Nimelifuatisha reli."

"Reli gani?"

Nilipomweleza hakunicheka, na ninamshukuru. Alisema tu, "Fundi, kinanda hakishuki. Kilivyotengenezwa ndivyo kitakavyokufa."

Hilo ndilo swali. Nilikuwa nimeuliza habari ya mkono, ya kanisa, ya daraja. Sikuuliza gitaa litaimba na nani.

Baba Wakesho alishaanza kuzungusha masikio, zile pini za kichwani, kupandisha. Uzi mmoja, wa pili. Nikasukuma karatasi nyuma ya daraja. Ukucha mmoja ulikuwa umekuwa ukucha na nusu. Akapandisha wa tatu. Mbao ikatoa mlio mdogo, tik, kama mtu anavyovunja kijiti cha kiberiti.

"Simama, mzee," nilisema.

"Bado matatu."

"Simama! Daraja linang'oka."

Mkono wake ukabaki hewani. Nje tulisikia vigelegele. Bibi arusi ameshafika uani. Yule ndugu mdogo wa Baba Wakesho akaingiza kichwa mlangoni, suti mpya, ua kifuani.

"Kaka, wageni wanauliza kama wanaweza kuanza kuchambua yale maharagwe."

Lakini nataka kuwa mwadilifu kwa mtu huyu pia: alipoona uso wa kaka yake alisema kwa sauti ya chini, "Ukitaka kumshika wewe, bado nafasi ni yako. Mimi nitasema nimeumwa mguu." Alisema kwa moyo mweupe. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Baba Wakesho zaidi ya maharagwe.

Mimi nilijua dawa. Nilikuwa naijua tangu kinanda kilipolia. Lakini nilivyokuwa namwogopa, mdomo ulikuwa mzito. Nikaanza kushusha nyuzi zote bila kusema, moja moja, mpaka hatua ndogo moja chini ya sauti ya reli, daraja lipumue. Nikatoa ule mpira wa tyubu mfukoni nikauweka gotini. Sikusema neno penseli. Nilisema tu, "Tukibana chuma cha pili, sauti itapanda hatua mbili, itafika kwa kinanda bila kuvuta daraja."

Aliutazama ule mpira. Uani wakaanza kupiga makofi kwa mpigo wa kuingia.

"Hata wewe, fundi," alisema.

"Kosa ni langu, mzee. Si la mkono wako. Ni mimi sikuuliza kinanda."

Akainua ule mkono wenye vidole vitatu, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ya moto kwa kukaa sikioni.

Nikaifunga haraka, mpira mara mbili nyuma ya shingo. Nikapapasa nyuzi. Tano zikalia. Wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ukavuma kama nyuki kwa kopo. Mara moja nikajua kwa nini, na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu pakiti hazitawaambia. Nilikuwa nimechanganya nene na nyembamba. Nene zilikuwa zimeinyanyua penseli upande wao, na upande wa pili penseli haikuugusa ule mwembamba sawasawa. Ujanja wangu wa Alhamisi ulikuwa umenisubiri hapo. Na ule uzi ndio uliobeba wimbo wenyewe.

Nikatafuta kitu cha kujazia. Mfukoni hakuna, kwenye benchi hakuna. Kilichokuwepo ni ule ukanda wa karatasi, bado umeingia nyuma ya daraja. Nikiuchomoa, sitajua tena kama daraja linaendelea kung'oka. Mlango ulikuwa unafunguliwa. Nikauchomoa, nikaukunja mara nne, nikauingiza kati ya penseli na uzi wa kwanza.

Ule uzi ukalia safi.

Baba Wakesho akaanza. Watu wote waligeuka kumtazama Wakesho. Mimi sikumwona bibi arusi, nasema kweli, hata gauni sijui lilikuwa vipi. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mwanya mweusi nyuma ya daraja, na kila dole gumba liliposhuka kwenye besi nilikuwa nabana meno. Besi zilikuwa zinafika mpaka mlangoni, nyayo za Wakesho zilikuwa zinafuata. Nilihesabu hatua kwa sauti ya viatu vyake. Alipofika katikati, Mwalimu Damaris akakanyaga kinanda na sauti mbili zikashikana kama vile zimezaliwa pamoja. Baba Wakesho alifunga macho. Mimi sikufunga.

Daraja lilishika. Sisemi lilishika kwa ufundi wangu. Pengine lingeshika hata bila mimi, pengine lilibakisha nyimbo mbili tu. Hilo siwezi kulijua, na aliyeweza kulijua alikuwa Taveta.

Mzee Athumani aliporudi nilimsimulia yote, hata sehemu mbaya. Alisikiliza, akaliza ulimi. "Kuchanganya nyuzi ulifanya vyema," alisema. "Kutouliza ulifanya vibaya. Na kumvua mtu kiburi mbele ya kanisa lake, hilo mimi nisingethubutu." Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Wiki iliyofuata Baba Wakesho alileta gitaa, nikaling'oa daraja lote na kulibandika kama inavyotakiwa. Kabla ya kuling'oa lilikuwa limeshikwa na nyama ya mbao isiyozidi kipimo cha kidole. Alipoliona hivyo alikaa chini. Baadaye akatoa penseli nyuma ya sikio akanipa niitazame. Nyuzi zilikuwa zimechora alama ndani ya mti wake, moja kando ya nyingine, za besi zimezama sana.

"Hesabu," alisema. Kazi ya ukarani ilikuwa imemwingia.

Nikahesabu. "Tano."

"Na gitaa lina nyuzi ngapi?"

"Sita."

"Mmoja uko wapi, fundi?"

Nikafungua daftari, kwa ukurasa wa Alhamisi ile, mahali nilipoubandika ule ukanda wa karatasi ukiwa bado umekunjwa mara nne. Katikati yake kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Akaiweka penseli kando ya karatasi, akaisogeza mpaka ule mstari ukakaa mahali pake, baada ya alama ya tano.

"Haya," alisema, akairudisha penseli nyuma ya sikio. "Sasa hesabu imetimia. Niwekee nyuzi zile zile."